Ubeti wa Tatu

Februari, Montreal, sabini na nane.
Theluji imefika kwenye vitasa vya milango
nasi tuko chini ya ardhi, studio isiyo na dirisha,
mimi na gita langu la besi, dola thelathini kwa saa,
tukiamriwa tuuharakishe msiba.

Wimbo wenyewe wa roki, nani hakuujua?
Dakika saba za gita linalolia
kama mbwa aliyefungiwa nje usiku wa baridi,
na Aurèle Castonguay, ndevu hadi kifuani,
akimwimba kaka yake aliyezama bandarini.
Si majini. Alizama ghalani, ndani ya ngano,
punje zikimpanda kimya kimya
kama usingizi unavyompanda mtoto.
Kwa wimbo huo nilimshika kiuno msichana wa kwanza.
Maneno sikuyasikiliza.

Vito Sansalone, prodyuza, suruali nyeupe
katikati ya tope la theluji,
aliweka saa ya mapigo juu ya meza:
mia na ishirini kwa dakika.
"Moyo wa mtu anayepanda ngazi kwenda kwa mpenzi wake," alisema,
"haupungui, hauzidi."
Dramu ikaanza, du, du, du, du,
sawasawa, kama karani anayepiga mihuri.
Gita la kulia likafukuzwa.
Wapiga fidla wanane wa okestra waliingia na makoti yao,
wakapiga bila kuuliza, wakaondoka kuwahi basi.

Ghislaine Laverdure aliimba akitabasamu;
Vito alimlazimisha, eti maikrofoni huona meno.
Kaka akazama mara nane katika kibwagizo
na kila alipozama,
makofi.

Ngoma ivumayo haidumu, ndiyo.
Lakini ilivuma!
Mtaa wa Stanley walipanga foleni juu ya barafu
kwa viatu vya visigino virefu,
wakaingia kuyacheza matanga ya watu:
washonaji wa viwandani, makarani wa benki,
vijana wawili walioitana binamu mchana kutwa
na hapa wakishikana mikono bila kugeuka nyuma.
Nami nilicheza, sifichi.
Besi ile ndiyo kazi yangu bora kuliko zote.

Usiku mmoja akaja mwenyewe.
Koti la ngozi, ndevu zilezile.
Vito aliacha glasi yake, akasogea karibu na mlango wa dharura.
Aurèle alisimama kando ya nguzo,
vipande vya nuru vikimtambaa ndevuni,
midomo ikienda kama ya mtu anayehesabu noti.
Wimbo ulipokwisha hakumfuata Vito. Alinifuata mimi,
akanipigia kelele sikioni:
"Ubeti wa tatu uko wapi?"

Nikamweleza urefu, redio, dakika tatu na nusu.

"Mbio si neno," akasema. "Kaka alipenda mbio.
Ila mama yumo ubeti wa tatu."

Akalipia bia yake mwenyewe
akatoka kwenye theluji bila kofia.

Siku hizi santuri ile ni dola moja
ndani ya boksi la vitu vya marehemu.
Mjukuu wangu Maëlle, miaka tisa, aliiweka kwenye mashine
akakosea spidi: thelathini na tatu badala ya arobaini na tano.
Fidla zikageuka ng'ombe zizini.
Dramu ikawa mzee anayepanda ngazi, akipumzika kila ngazi.
Sauti ya Ghislaine ikashuka, ikashuka,
hadi ikaota ndevu.
Maëlle alinyoosha mkono arekebishe. Nikamwambia, acha.

Kaka akazama polepole, ipasavyo.
Kisha tukafika pale tulipokata.
Tulikuwa mafundi, mshono huuoni,
hakuna kilichobaki ila makofi manane,
mazito, ya kuchelewa.

"Babu," Maëlle akauliza,
"nani anabisha hodi?"